KABLA TUKEMEE PEPO: KIJANA WAKO JANA ALILALA WAPI?

Leo sitawabembeleza. Ukikasirika, kasirika, lakini soma mpaka mwisho.

Mwezi uliopita kwenye kesha, mama mmoja aliniletea kijana wake wa miaka 15. "Pasta, huyu ameingiwa. Hasomi, haongei, na jana nimepata bangi mfukoni mwake. Likemee hilo pepo litoke." Waombaji walikuwa wameshasimama nyuma yake wamdake akianguka.

Nikauliza, "Mama, huyu analala wapi?"

Mama akanyamaza. Kijana ndiye aliyejibu: "Kwa mabeshte, huko Gatwekera." Tangu lini? "Tangu nikiwa Gredi ya 6."

Miaka mitatu!

Sisi wa Kianda tunajua mambo haya. Nyumba ni chumba kimoja, futi kumi kwa kumi, pazia katikati. Baba na mama upande mmoja, wasichana upande wa pili. Kijana akibalehe, anaambiwa atafute pa kulala. Anapokelewa na vijana wakubwa wenye keja yao, na hao hawampi godoro bure. Huko ndiko anafundishwa bangi na kubeti. Huko ndiko anatumwa usiku na mzigo asiojua una nini ndani. Halafu tunamlaza mbele ya madhabahu tukiuliza shetani aliingilia wapi. Mzazi, aliingilia mlango ule ule uliomfungulia kijana atoke.

Sikulaumu kwa kuwa na chumba kimoja. Hata mimi najua kodi ya huku. Nakulaumu kwa jambo moja: hukuwahi kwenda kuona mahali mtoto wako analala. Kuku asiporudi jioni unamtafuta kwa tochi.

Najua kuna atakayesema, "Pasta ameacha nguvu za Mungu, siku hizi anahubiri mambo ya kidunia." Sijaacha. Naamini mapepo yapo, na kwa jina la Yesu yanatoka. Lakini fungua Marko 9 usome polepole. Baba ameleta mwanawe anayeteswa na pepo. Wanafunzi wameshindwa kulitoa, na sasa kuna mabishano na waandishi huku mtoto anaumia. Yesu anafika. Kabla ya kukemea, anamgeukia baba na kumuuliza mtoto amekuwa hivi kwa muda gani.

Mwana wa Mungu, anayejua yote, aliuliza! Na yule baba alikuwa na jibu. Alijua ilianza utotoni. Alijua habari ya moto na habari ya maji. Alikuwa karibu na mwanawe. Je, Yesu akikuuliza wewe leo, utajibu nini? Utasema, "Bwana, ngoja niulize mama yake"?

Soma tena mwisho wake. Pepo likatoka, mtoto akalala kama maiti, watu wakasema amekufa. Yesu akamshika mkono akamwinua. Sisi tunapenda kukemea kwa sababu kuna vigelegele na spika. Kushika mkono hakuna vigelegele, kwa hiyo tumeacha.

Sasa nigeukie madhabahu, nisiwachape wazazi peke yao.

Binti wa miaka 16 akipata mimba, tunamtoa kwaya na kumketisha nyuma. Kijana aliyempa mimba anaendelea kupiga kinanda Jumapili. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2020 unampa binti huyo nafasi ya kurudi darasani baada ya kujifungua. Shule inamfungulia geti, na kanisa la Yesu linamwonyesha benchi la mwisho. Tutubu.

Kijana akijaribu kujitoa uhai, tunamwambia hana imani. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichomfanya mtu kama huyo kuwa mhalifu, kinapingana na Katiba. Jaji amekataa kumwita mhalifu. Sisi tuliojazwa Roho bado tunamhukumu! Mpeleke hospitali. Dawa haimfukuzi Roho Mtakatifu. Muombee mkiwa wote wawili kwenye foleni ya daktari.

Na ninyi mnaosema, "Sisi tulichapwa tukanyooka": waliochapwa wakatoroka nyumbani hawako hapa kutoa ushuhuda.

Kwa hiyo wiki hii fanya haya.

Leo usiku nenda ukaone mahali kijana wako analala. Usiende na fimbo. Jua ni nyumba gani, na ni nani wako ndani.

Baba, ukitoka mjengoni, pitia nyumbani kabla ya kupitia base. Keti naye. Zima simu. Muulize swali moja kisha unyamaze, hata akichukua nusu saa kujibu.

Wewe mwenye vyumba viwili, mchukue mtoto wa jirani yako alale pamoja na wanao, wazazi wake wakijua. Huo ndio ushirika wa nyumbani.

Kijana, kama unasoma hii na moyo wako umechoka, usikae peke yako usiku huu. Mwambie mtu mzima unayemwamini. Namba 116 ya watoto ni bure, mchana na usiku.

Na sisi kama kanisa: tulichanga tukanunua spika, lakini jioni jengo lina kufuli huku watoto wetu hawana pa kusomea. Kuanzia Jumatatu mlango utakuwa wazi saa kumi na moja jioni mpaka saa tatu usiku. Taa zitawaka na mzee wa kanisa atakuwepo.

Yule kijana wa kesha hatukumkemea usiku ule. Tulimpa chai. Saa tisa usiku akaanza kuongea na mama yake, na mama akalia. Sasa analala kwa mzee mmoja wa kanisa pamoja na vijana wake. Bangi hajaiacha kabisa, sitawadanganya. Tunafunga na kuomba. Lakini kila usiku kuna mtu anayejua yuko wapi.

Baba wa mbinguni, tusamehe. Tupe macho ya kuwaona watoto wetu kabla hawajaanguka, na mikono ya kuwainua wakianguka. Katika jina la Yesu.

Usiandike Amina hapa chini bado. Nenda umuulize kwanza amelala wapi, halafu urudi uandike.