Makuti au Mabati?

Paa la nyumba ya mama huko Malindi linavuja, nami sina budi kuamua: makuti mapya au mabati? Wako wanaoniambia kwamba nikiezeka mabati nitakuwa nimeutupa utamaduni wa Pwani. Haya, lakini wao wenyewe wanalala chini ya vigae huko Nairobi!

Makuti yana ubaridi, sikatai. Adhuhuri ya Januari mama hupata usingizi mtamu, na mvua ikinyesha watu huzungumza wakasikizana. Ila kila baada ya miaka michache fundi hupanda tena juu, na maji ya mvua yanayotiririka humo yana rangi kama ya chai. Tena kuna moto. Cheche moja kwa jirani, upepo wa kusi ukivuma, mtaa mzima umo hatarini.

Basi nimekata shauri: mabati ya geji 28, si yale membamba ya 30, paa liinuliwe, matundu ya hewa yaachwe, na gata ziteremshe maji tangini. Mama amekubali kwa sharti moja, kwamba jiko la uani libaki na makuti yake. Jiko, ndugu msomaji, ndilo lenye moto! Hapo bado tunabishana.