Muziki wa Nino Rota na Hukumu Yetu ya Haraka

Wapo wenzetu wanaoshikilia kuwa filamu ni matini kama riwaya, na kwamba mhakiki akishayapata mazungumzo na msuko, kazi yake imekwisha. Sikubaliani nao. Shahidi wangu ni *I Vitelloni*, filamu ya Kiitaliano ya mwaka 1953 iliyoongozwa na Federico Fellini.

Jina hilo laweza kufasiriwa kama "ndama wakubwa". Vijana watano wa mji mdogo wa pwani, wanaoukaribia umri wa miaka thelathini, hawana kazi wala hawaitafuti kwa dhati. Hushinda mikahawani, wakalishwa na jamaa zao. Tulipoitazama na wanafunzi wenzangu wa uzamili, tukitegemea tafsiri ya Kiingereza iliyoandikwa chini ya picha, mjadala haukudumu: dhamira ni uvivu, wahusika ni kupe. Nami niliafiki. Nina miaka ishirini na minane na karo yangu ingali inalipwa na dada yangu. Pengine ndiyo maana niliafiki upesi kuliko wote.

Baadaye niliirudia peke yangu, nikisikiliza zaidi ya kusoma. Yupo msimulizi asiyeonekana, anayesema "sisi" kwa kejeli nyepesi. Muziki wa Nino Rota hauifuati kejeli hiyo. Tuni yake kuu ina majonzi na fahari kwa pamoja, kana kwamba matembezi ya usiku ya hawa wasio na pa kwenda ni jambo la kuombolezwa.

Hebu tuitazame sherehe ya kanivali. Kumekucha, ukumbi umebaki takataka. Alberto, amelewa, amevaa nguo za kike, anaburura kichwa kikubwa cha karatasi huku mpiga tarumbeta mmoja akiendelea kupuliza. Ni tuni ya dansi ileile iliyowachangamsha watu usiku, ila sasa haina wa kuicheza. Katika mazungumzo hakuna neno linaloeleza aibu ya Alberto, tarumbeta inaieleza. Akifika nyumbani anamkuta dada yake, Olga, ambaye mshahara wake ndio unaowalisha, akiondoka na mwanamume. Tukio hilo lingesomwa bila tarumbeta, tungesema amestahili. Baada ya kuisikia, mimi sikuweza.

Waama, si bahati nasibu. Kwa desturi ya sinema ya Italia wakati huo, sauti ziliingizwa baada ya picha kupigwa, basi kila mlio umechaguliwa.

Mwishoni Moraldo anapanda treni alfajiri, asijue aendako. Kamera inapita vyumbani mwa rafiki zake waliolala, kana kwamba treni yenyewe inapita kando ya vitanda vyao. Guido, mtoto afanyaye kazi stesheni, anarudi akitembea juu ya reli, mikono ameitandaza asianguke. Wenzangu walisema Moraldo ameshinda. Naomba wairudie sehemu hiyo wakiwa wamefumba macho, kisha waniambie ni ushindi gani waliousikia.