Nani Ataenda Kuuomba Mwili?

Magazeti yetu huwa na matangazo ya vifo ya aina mbili, na sisi waumini husoma aina moja tu.

Ya kwanza tunaijua vyema. Picha ya rangi, majina ya watoto, wakwe na vitukuu, saa mwili utakapotoka makafani, mahali pa ibada, nambari ya kutuma mchango. Hapa Eldoret, mji uliopewa hadhi ya jiji Agosti 2024, tangazo la namna hiyo husambaa kwenye simu kabla familia haijamaliza kupigiana. Jioni kamati imeshaketi. Sina ubishi na hayo. Aliyefiwa anahitaji watu, na tangazo ndilo huwaleta.

Ya pili ni orodha ya maandishi madogo inayotolewa na hospitali kuhusu miili ambayo haijachukuliwa. Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi huwapa jamaa siku 7, kisha huomba idhini ya mahakama ili iizike. Orodha haina picha. Wengine wameandikwa tu kwamba hawajulikani, na mistari mingi ni ya watoto wachanga waliotajwa kwa jina la mama.

Lakini hebu isome tena. Wengi wana majina mawili, hata matatu. Hao wanajulikana. Wana ndugu mahali fulani, na huenda ndugu huyo anaimba kwaya kanisani kwako. Hakuwatupa wafu wake kwa kukosa upendo; ameogopa bili ya matibabu na ada ya makafani inayoongezeka kila siku. Mahakama Kuu imesema zaidi ya mara moja kwamba hospitali haiwezi kuuzuia mwili kama rehani ya deni. Ni waumini wangapi wamewahi kuambiwa hivyo na mchungaji au padri wao? Maskini asiyelijua hilo hukaa kimya, na siku 7 zinapita.

Mwili wa Bwana wetu nao ulikuwa karibu kukosa mtu. Wanafunzi walikuwa wametawanyika. Aliyekwenda kwa Pilato hakuwa ndugu yake, bali Yusufu wa Arimathaya, mjumbe wa baraza, na Marko anaeleza kwamba ilimbidi apige moyo konde. Pilato hakuutoa mwili hivihivi. Alimwita kwanza akida athibitishe kifo. Yaani hata siku ile kulikuwa na ofisi, maswali na kusubiri. Yusufu alivumilia hayo yote, akanunua sanda, akatoa kaburi lake mwenyewe.

Sasa mlinganishe na makuhani wakuu katika Mathayo 27. Nao waliwafikiria wageni wasio na mahali pa kuzikwa, wakawanunulia shamba la mfinyanzi. Kwa fedha zipi? Zile 30 za Yuda, ambazo sheria iliwakataza kuzitia katika hazina. Mgeni akapewa kile ambacho hekalu lilikikataa. Naogopa kwamba mafungu yetu ya huruma hutengwa vivyo hivyo, baada ya vipaza sauti vipya na zulia la madhabahuni.

(Wakatoliki huhesabu kuzika wafu kuwa tendo la 7 la huruma, ingawa Mathayo 25 hutaja 6 tu. La 7 walilipata kwa Tobiti, aliyezika wafu wasio na mtu huku akihatarisha maisha yake.)

Parokia na makanisa mengi husoma matangazo ya ndoa Jumapili 3 mfululizo ili mwenye neno aseme. Mbona tusiisome na orodha ya hospitali? Wazee wawili wangetumwa kuichukua. Mtu mmoja akilitambua jina, wazee hao hao waandamane naye hadi dirisha la malipo, maana kwenda huko peke yako ukiwa huna kitu ni jambo linalotisha. Asiyetambuliwa na yeyote, tuulize siku ya maziko yake, tutume watu wanne na mhubiri.

Katibu akisimama Jumapili ijayo na karatasi yake, baada ya ndoa na mkutano wa akina mama, nafasi ya majina matano au sita haikosekani.