Mwandikieni Ushahidi Wake Angali Hai

Nina ombi kwenu juu ya akina mama waliotumikia jeshini au msituni, kisha wakarudi nyumbani kulea wagonjwa, wazee na yatima. Nitaanzia mbali kidogo, kwa Harriet Tubman wa Marekani, maana sijui maisha mengine yanayoonyesha jambo hili waziwazi kama yake.

Wengi tunamjua kama mtumwa aliyetoroka Maryland mwaka 1849, kisha akarudi mara kwa mara usiku kuwatoa wenzake. Tunapenda kuishia hapo. Lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, alikwenda Beaufort, South Carolina, kulitumikia jeshi la Kaskazini. Asubuhi hospitalini alichukua bonge la barafu, akalitia kwenye beseni, akaanza kuwaosha majeruhi mmoja baada ya mwingine huku akifukuza nzi waliowafunika. Alisimulia baadaye kwamba akishaosha watatu au wanne, barafu imekwisha yeyuka na maji yamekuwa mekundu kwa damu. Anabadilisha maji, anaendelea. Waliokuwa wakiharisha damu aliwachemshia mizizi aliyoichimba mwenyewe. Na kwa kuwa watu waliotoka utumwani walinung'unika kuona anapewa chakula cha jeshi, aliuacha mgao huo. Usiku akawa anaoka pai na mikate ya tangawizi ya kuuza ili ajilishe.

Mwanamke huyohuyo aliongoza wapelelezi. Tarehe 2 Juni 1863, meli za kivita zilipanda mto Combahee kwa kufuata habari ambazo yeye na watu wake walikuwa wamezikusanya, na watu zaidi ya 700 wakatoka utumwani siku hiyo moja. Alimkumbuka mama mmoja aliyekuja mbio na chungu cha wali kichwani, bado kinafuka moshi, na mtoto amemng'ang'ania mgongoni.

Vita vikaisha. Mwaka 1865, akiwa njiani kurudi kwake Auburn, New York, kondakta wa treni aliikataa hati yake ya kusafiria. Wanaume wakamburuta hadi behewa la mizigo, wakamuumiza mkono. Hati alikuwa nayo, na bado hakuaminiwa. Mshahara wa upelelezi nao haukuja.

Hapa ndipo anapoingia mtu ninayetaka tumwige. Mwaka 1868 Charles Wood, mwenye benki pale Auburn, aliketi akakusanya barua za maofisa waliomfahamu Tubman, akaandika alitumikia wapi na chini ya nani. Dai hilo la malipo halikufua dafu wakati ule. Lakini karatasi zilibaki. Tubman alipodai tena miaka ya 1890, akiapa kwamba alikuwa muuguzi, mpishi na kiongozi wa wapelelezi wanane au tisa, palikuwa na kitu cha kushika mkononi. Mwaka 1899 pensheni yake ya ujane ilipandishwa kutoka dola 8 kwa mwezi hadi 20. Ni kidogo, na ilichelewa kwa zaidi ya miaka 30. Miaka yote hiyo nyumba yake ilijaa wazazi wake wazee, yatima, vipofu na wagonjwa wasio na kwao. Mwaka 1908 makao ya wazee aliyoyapigania yakafunguliwa, naye akafia humohumo mwaka 1913. Cheo cha brigedia jenerali alipewa na jimbo la Maryland mwaka 2024.

Sitaki mama yeyote wa kwetu angoje hivyo. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa fidia Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau, na mmoja wa waliosimama mahakamani London alikuwa mwanamke, Jane Muthoni Mara. Kesi ile ilisimama kwa ushahidi: wazee waliosema kwa vinywa vyao, na majalada yaliyofichuliwa. Ni wangapi walizikwa kabla hawajaulizwa lolote?

Basi wiki hii mtembelee mama huyo unayemjua. Awe alivaa magwanda, awe alibeba chakula na risasi msituni, awe alifunga vidonda kambini. Mwombe ruhusa kwanza. Muulize alikuwa kikosi gani, mkuu wake nani, walilala wapi, nani aliyekuwa naye bado yu hai. Muulize pia aliwaosha akina nani na aliwapikia nini, kwa sababu kazi hiyo ndiyo husahaulika kwanza, hata na yeye mwenyewe: atakwambia hakufanya kitu, alikuwa anapika tu. Andika hivyo hivyo anavyosema. Asichotaka kukisema, kiache. Piga picha cheti chake na kitambulisho chake kabla mchwa na mvua havijavifikia, kisha mwende kwa wakili mkaandikishe hati ya kiapo, pamoja na shahidi mmoja au wawili. Nakala moja ibaki kwake, nyingine kwa mtoto au mjukuu anayeaminika, ya tatu ipelekwe ofisi inayohusika na wastaafu, mkasainiwe kwamba imepokelewa.

Na ukimkuta analea wajukuu watano peke yake, au anamgeuza mgonjwa kitandani usiku kucha, usiondoke na daftari tu. Panga na majirani zamu ya kuteka maji, ya kumpeleka kliniki, ya kukaa na mgonjwa ili naye apate kulala.