Si kila unene ni neema

Mtu akinenepa uso huku kwetu Githongo, majirani humtania kwamba chai imelipa. Akienda hospitali akapatikana na shinikizo la damu na kisukari, hupewa dawa za maradhi hayo mawili akarudi nyumbani. Maoni yangu ni kwamba sisi madaktari, nanyi wasomaji, tunapaswa kuuliza swali moja zaidi: unene huu umetoka wapi?

Chini ya ubongo pana tezi ndogo kama njegere, iitwayo pituitari. Ndiyo inayoziamuru tezi zilizo juu ya figo zitoe kotisoli, homoni ambayo mwili huihitaji kila siku. Uvimbe ukiota kwenye pituitari, amri hiyo haikomi na kotisoli huzidi. Daktari Harvey Cushing wa Marekani aliueleza ugonjwa huu mwaka wa 1932, nao ukapewa jina lake.

Uso huwa mviringo, tumbo hukua ilhali mikono na miguu hukonda, mistari ya zambarau hutokea tumboni na ngozi huvilia damu upesi. Yasiyoonekana ni mabaya zaidi. Miaka ikipita, moyo huharibika, mifupa huvunjika kwa kuteleza tu, vidonda hukawia kupona, na wengine hushikwa na huzuni kubwa. Mtoto naye huacha kurefuka. Hata baada ya upasuaji, ambao aghalabu hupitia puani, baadhi ya madhara hayo hubaki. Ndiyo sababu kuchelewa ni hatari.

Uvimbe huo ni nadra. Lakini hali iyo hiyo huletwa mara nyingi zaidi na vidonge kama prednisoloni na deksamethasoni, ambavyo wengine hununua bila maagizo ya daktari ili wapoze maumivu au wanenepe. Iwapo umevimeza kwa majuma kadhaa, usiviache ghafla. Tezi zako zimelala, na kuacha ghafla kunaweza kuua. Mwone daktari akupunguzie polepole.

Kwa hivyo, ukiziona dalili hizi, usiridhike na dawa ya presha pekee. Mweleze daktari kila dawa unayotumia, hata krimu ya kujipaka, kisha uulize kuhusu kupimwa kotisoli, kwa mfano katika mkojo wa saa 24. Kipimo kikikosekana karibu, omba barua ya kwenda Meru mjini au Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi. Hiyo ni haki yako.