Safari ya Mzee Huanzia Mlangoni Pake

Kwa wanachama wote wa kikundi chetu, Kawangware 56, na wenzetu wanaokuja mkutanoni kutoka Kibera.

KUH: KUWASINDIKIZA WAZEE NA WALEMAVU WANAOISHI PEKE YAO



Mkutano uliopita tulikubaliana kwa kauli moja kwamba tutawasaidia wazee wa mtaa. Makofi yakapigwa, chai ikanywewa, kila mtu akashika njia yake. Tangu hapo michango imeingia na mweka hazina anawashukuru. Sasa tuambiane ukweli: nauli tunayo. Tunachokosa ni watu wa kusimama mlangoni kwa mzee saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya kazi, mvua inyeshe isinyeshe.

Ukimuuliza kijana safari ya kwenda hospitali ya Mbagathi ikoje, ataanza kuhesabu kwenye steji. Kwa mama wa miaka sabini na kitu, mwenye mkongojo, kufika steji ndiko kazi yenyewe. Kwanza kuna ngazi ya ploti, simiti imemegeka na hakuna pa kushika. Kisha kichochoro: kamba za nguo ziko usawa wa uso, mitungi imepangwa ukutani, maji ya kufulia yanateremka katikati. Halafu mtaro wenye ubao mmoja. Sisi tunauruka huku tunaongea na simu. Yeye anasimama, anaupima ule ubao kwa mkongojo, anageuka, anarudi nyumbani. Kule kliniki ya presha wanaandika kwamba hakuja, na mwezi ujao akifika atagombezwa kama mtoto mtoro.

Kwa wenzetu wa Kibera hali ni nzito zaidi. Kutoka ndani ya Gatwekera au Soweto hadi panapopita gari ni mwendo, na wengine lazima wavuke reli. Kiti cha magurudumu hakivuki reli bila watu wawili wenye nguvu na akili zilizotulia.

Akishafika barabara ya Naivasha, anakutana na makanga. Mnawajua: "Beba beba, ingia twende!" na gari halijasimama sawasawa. Mwenye kiti cha magurudumu hupitwa na matatu moja baada ya nyingine, au huambiwa alipe nauli mbili, yake na ya kiti. Ibara ya 54 ya Katiba yetu ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuyafikia magari ya abiria kwa kiwango kinachofaa. Lakini Katiba haiteremki garini kukunja kiti. Hiyo kazi ni yako wewe uliye naye: mwambie dereva angoje, zungumza na makanga kwa upole kabla hujazungumza kwa ukali, na hakikisha mzee ameketi ndipo gari liondoke.

Kurudi nako kuna mambo yake. Wengi wetu tunajua kupeleka. Tunamfikisha mzee getini, tunamwombea heri, tunakimbilia kazini. Yeye anapanga foleni ya kadi, ya daktari, ya maabara na ya dawa, na kufikia saa nane mchana amechoka, ana njaa, na hajui atarudije. Anayempeleka amngoje; asipoweza, amtaje mapema mwenzake atakayemfuata, na mzee apewe jina na nambari ya simu ya huyo mwenzake. Tena, mama asindikizwe na mwanamke panapowezekana, kwa maana katika foleni ya muda wa saa nne lazima atafutiwe choo, na si kila mama atamwambia kijana wa kiume neno hilo.

Ndugu zetu wa bodaboda mmejitolea kwa moyo, na ni kweli pikipiki ndiyo inayofika hadi mlangoni. Hata hivyo nashikilia nilichosema mkutanoni: mtu wa nyonga, wa kizunguzungu au anayeshindwa kukaza mikono asipandishwe pikipiki. Mifupa ya uzeeni haiungi upesi. Huyo tumchukulie teksi, hata kama pesa ya mwezi itaisha kwa safari mbili.

Kuhusu kiti cha magurudumu, vijana wasikilize. Usikiguse kabla hujamuuliza aliyekikalia. Ukishuka ukingo wa barabara, geuka: magurudumu makubwa yatangulie kushuka, wewe ukiwa chini yake, yeye akiangalia kule alikotoka. Ukimshusha kwa mbele anaweza kumwagika. Mkikibeba, shikeni fremu. Vile vya kuwekea mikono na miguu huchomoka. Asiyeona usimvute mkono kama unayemkamata. Mpe kiwiko chako akishike, utangulie hatua moja, umwambie mtaro uko wapi. Na asiyesikia hapati faida yoyote ukimpigia kelele.

Kuna waliouliza, tena kwa haki: watoto wao wako wapi? Baadhi wako Saudi Arabia na Qatar, wanafanya kazi za nyumbani na kutuma kinachopatikana. Wengine wanatoka alfajiri kwenda mjengo Kilimani na Lavington, na siku moja ya kukosa ni siku moja bila unga. Wapo wazee waliowazika watoto wao wote. Ibara ya 57 inasema mzee apate matunzo kutoka kwa familia yake na kwa serikali, na mimi sioni kwamba jirani ameambiwa akae kando akingoja hao wawili wamalize kubishana.

Na wapo wanaosema wapelekwe nyumba za wazee. Iko ya watawa kule Kasarani, iko ya PCEA kule Thogoto, na zinafanya kazi njema. Lakini shosho anayetaka kubaki chumbani mwake, anapojua nani anauza mboga kwa mkopo na mtoto wa mlango wa pili anamwita kwa jina, hana kosa lolote. Tumemkuta anajiamulia mambo yake, tumwache ajiamulie. Safari ni yake. Akitaka kupitia sokoni kununua omena kabla ya kurudi, mtapitia sokoni.

Sasa pesa, kwa sababu hapa ndipo vikundi huvunjika. Posho ya serikali ya Inua Jamii ni Sh2,000 kwa mwezi, na mwaka 2018 ilipanuliwa iwafikie waliotimiza miaka 70. Tutaombwa kuwasindikiza kwenda kuichukua. Twende. Lakini asiwepo mwanachama anayeijua PIN ya mzee au anayelala na kitambulisho chake, hata akisukumiwa mkononi. Akihesabiwa pesa, wewe simama kando. Asiyeweza kwenda kabisa, mpango wenyewe una nafasi ya kuandikisha mlezi wa kumpokelea. Huyo achaguliwe na mzee mwenyewe na aandikishwe rasmi, tusijiteue sisi.

Kuwajua wanaoishi peke yao hakuhitaji uchunguzi. Wahudumu wa afya ya jamii, wale waliopewa mikoba ya vifaa mwaka 2023, wanaingia nyumbani kupima presha na wanajua mlango upi una mtu mmoja. Tuwaombe watuunganishe na mzee akikubali mwenyewe. Kumbeba mtu hadi steji si kazi yao, na wana nyumba nyingi za kuzungukia.

Nimalizie na pendekezo ninalotaka tulipigie kura. Mjini Portland, jimbo la Maine kule Marekani, mwanamke aitwaye Katherine Freund alianzisha mwaka 1995 mpango wa kuwasafirisha wazee, miaka michache baada ya mwanawe mdogo kugongwa na gari la dereva wa miaka 84. Wanaojitolea kuendesha huwekewa akiba ya safari, waje kuitumia wenyewe au wawape wazazi wao. Hatuna magari ya watu wa Maine, ila hesabu hiyo tunaijua: ni merigoraundi yetu, saa zikichukua nafasi ya shilingi. Kila anayesindikiza aandikiwe saa zake. Siku mama yako atakapopanda basi kutoka Vihiga kuja kutibiwa Kenyatta, na wewe huna ruhusa kazini, utachukua kwenye akiba yako na mwenzako ataenda kumpokea kwenye stendi ya Machakos Country Bus.

Wengine watasema kumhesabia mtu wema wake ni kuuharibu. Nimelifikiria hilo na sikubaliani nalo. Wema usioandikwa huangukia watu walewale watatu kila wiki, hadi wachoke, na tunawajua kwa majina.

Daftari la kikundi liko kwangu, lina safu mpya ya saa. Kabla ya mkutano ujao kila mmoja aandike asubuhi moja anayoiweza kwa mwezi. Jumapili zimeshajaa, na kliniki hazifunguliwi Jumapili. Tunahitaji Jumanne na Alhamisi. Wenye mbao nene na misumari wamwone fundi wetu Jumamosi saa tatu, tuanze na ule mtaro.

Wenu,
Katibu