Neno "Kusafisha Kizazi" na Madhara Yake

Katika wodi nyingi za uzazi nchini Tanzania, mwanamke ambaye mimba yake imeharibika huambiwa kwamba atapelekwa "kusafishwa kizazi". Neno hilo hutamkwa kwa nia njema: ni fupi, lina staha, na huepusha maelezo marefu mbele ya jamaa. Lakini mwanamke huyo arudipo nyumbani hulikuta tena sokoni, kwenye mabango na katika simu yake, safari hii likiuza unga wa mizizi na vidonge vya kuingiza ukeni. Hana sababu ya kulitilia shaka, kwa kuwa hospitali nayo imemwambia kwamba kizazi huchafuka na husafishwa. Kabla ya kuwalaumu wauzaji, wahudumu wa afya wanapaswa wao kwanza kuliacha neno hilo.

Kizazi, au mji wa mimba, ni kiungo cha msuli chenye uwazi mdogo ndani yake. Kwa mwanamke asiye mjamzito kina umbo la peasi lililopinduliwa, urefu wa sentimita 7 hadi 8, na uzito wa gramu 60 hivi. Kimekaa ndani ya nyonga, kibofu cha mkojo kikiwa mbele yake na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana ikiwa nyuma. Juu huungana na mirija ya uzazi. Chini huishia kwenye shingo ya kizazi, inayotokeza ukeni. Kwa wanawake walio wengi kizazi huinamia mbele. Kwa takriban mmoja kati ya watano huelekea nyuma. Hali hiyo ya pili mara nyingi ni maumbile tu, ingawa wapo walioambiwa baada ya kipimo cha ultrasaundi kwamba "kizazi kimegeuka", wakaondoka wakiamini hawatazaa kamwe.

Tabaka la ndani la kizazi ndilo linalosingiziwa uchafu. Kila mwezi homoni za ovari hulinenepesha ili kupokea yai lililorutubishwa. Mimba isipotungwa, homoni hizo hushuka, mishipa midogo ya damu hujibana, na sehemu ya juu ya tabaka humeguka na kutoka kama hedhi. Sehemu ya chini hubaki, na kutokana nayo tabaka jipya huota katika siku chache. Hiyo ni tishu yenye afya iliyomaliza muda wake. Damu ya kahawia au nyeusi mwishoni mwa hedhi, ambayo wauzaji hupenda kuionyesha kama ushahidi, ni damu iliyochelewa kutoka tu. Na vile vipande vinavyotoka baada ya kutumia vidonge vya ukeni? Huwa ni mchanganyiko wa ute, mabaki ya dawa yenyewe na utando wa uke uliochubuka. Dawa imetengeneza uchafu inaodai kuutoa. Imewavuruga pia bakteria wema wanaoulinda uke, na hivyo kurahisisha maambukizi.

Tabaka la kati, yaani msuli wenyewe, lina kazi ya kustaajabisha zaidi, nayo haielezwi vya kutosha kliniki. Mimba inapotimiza miezi tisa, kizazi huwa na uzito wa takriban kilo moja, na damu inayokifikia huzidi nusu lita kwa dakika. Kondo la nyuma linapobanduka, mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki wazi. Kinachomwokoa mama ni nyuzi za msuli zilizosukwa kwa kupishana kuizunguka mishipa hiyo. Kizazi kinapojikaza, nyuzi huibana mishipa kama kamba ifungavyo mdomo wa gunia. Ndiyo maana mkunga humchoma mama sindano ya oksitosini yuniti 10 mara mtoto azaliwapo, kisha hurudi mara kwa mara kupapasa tumbo lake. Anachotafuta ni ugumu wa msuli. Kizazi laini baada ya kujifungua ni dalili ya hatari.

Kazi hiyo huendelea nyumbani. Katika wiki mbili hivi kizazi hurudi ndani ya nyonga, na kufikia wiki ya sita hukaribia ukubwa wake wa awali. Majimaji yenye damu hutoka muda huo, yakipungua na kufifia rangi. Bibi anayemkanda mzazi kwa kitambaa cha uvuguvugu humliwaza, na hilo halina ubaya. Ubaya huanza maji yanapokuwa ya kuunguza, au inapoaminika kwamba kukanda kutatoa kipande cha kondo kilichosalia. Hakutatoa.

Yawezekana kusema kwamba neno ni neno tu, na mgonjwa aliyepoteza mimba hahitaji somo la lugha. Lakini wapo wanawake wanaofika vituoni wakiomba "wasafishwe" ili washike mimba. Kukwangua kizazi kwa nguvu huweza kuacha makovu yanayogandisha kuta zake, hata hedhi ikakoma na mimba isishike. Shirika la Afya Duniani linashauri kukwangua huko kuachwe, pafanyike uvutaji kwa hewa au zitumike dawa. Mwanamke aliyeambiwa wazi kwamba "tutatoa mabaki ya mimba" hujua kwamba tiba hiyo ina sababu moja, na sababu ikiisha tiba imekwisha.

Maneno hayo hayazidi muda wa kuandika cheti cha ruhusa, na mengine machache yanaweza kuongezwa. Aelezwe kwamba damu kidogo itaendelea kwa siku kadhaa na kwamba hahitaji kuingiza chochote ukeni. Iwapo atalowesha zaidi ya pedi mbili kubwa kwa saa, kwa saa mbili mfululizo, au akapata homa, maumivu makali ya tumbo au majimaji yenye harufu mbaya, arudi hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.